Asili ya Kalamu ya Risasi na Vyombo vya Kuchorea

Ni vigumu kutaja chombo kilichozoeleka mikononi mwa watoto wetu kuliko kalamu ya risasi. Siku hizi wengi huiita penseli, lakini wazee wetu waliosoma katika shule za misheni waliijua kwa jina la kalamu ya risasi, nasi twapenda kulitumia jina hilo katika habari hii, kwa sababu ndani yake mna kosa la zamani, na kosa hilo lina historia yake. Katika kalamu hiyo hamna risasi hata kidogo. Jinsi watu walivyokuja kuiita hivyo, na jinsi chombo hiki pamoja na wenzake walivyotufikia, ndiyo maneno tutakayoyaeleza.

Tena tunayo haja nyingine ya kuandika. Kila mwanzo wa mwaka mzazi hupewa orodha ya shule: kalamu, kifutio, rula, bikari, kipimapembe, karatasi za kuchorea. Mzazi aliyeuza mahindi au kuku ili apate fedha hiyo huingia dukani, akachukua kilicho rahisi, au akachukua kilicho ghali akidhani ya kuwa ughali ndio uzuri. Kisha kijana hufika shule ya ufundi na sanduku linalong'aa, lakini duara lake halifungiki wala mstari wake haunyoki. Mwalimu humlaumu, naye mwenyewe huanza kuamini ya kuwa hana akili ya kuchora, kumbe kosa ni la chombo. Twaamini kwamba mtu akijua kitu kimetengenezwaje, na kwa sababu gani, hatadanganyika upesi katika kukichagua.

Kuchora kabla ya kujenga ni desturi ya kale sana. Katika nyumba ya makumbusho ya Louvre, mjini Paris, mna sanamu ya jiwe ya Gudea, mtawala wa mji wa Lagash, katika nchi iitwayo leo Iraki. Aliishi zaidi ya miaka 2000 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Ameketi, na juu ya magoti yake kuna kibao chenye ramani ya kuta za hekalu, na pamoja nacho kijiti cha kuandikia na kipimo chenye alama. Nasi wasomaji wa Maandiko twajua ya kuwa Daudi alimpa mwanawe Sulemani mfano wa hekalu kabla jiwe moja halijawekwa juu ya jingine, kama tusomavyo katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 28. Na nabii Ezekieli, katika sura ya 4 ya kitabu chake, aliamriwa atwae tofali na kuuchora juu yake mji wa Yerusalemu. Asishangae mtu kwa tofali hilo. Ezekieli alikuwa uhamishoni Babeli, na huko udongo ndio uliokuwa karatasi ya watu: waliuandika ungali mbichi, kisha wakauanika au kuuchoma. Kila nchi na kila wakati watu walichora kwa kile walichokuwa nacho.

Wachoraji wa Ulaya hapo zamani walikuwa na taabu ya vyombo. Makaa ya mti huandika weusi mzuri, lakini hufutika kwa kuguswa tu. Wino huweka alama isiyotoka. Wengine walitumia kijiti cha fedha juu ya karatasi iliyopakwa unga wa mifupa na gundi. Alama yake ni nyembamba, ya kupendeza, lakini mtu akikosea hana la kufanya. Wengine tena walitumia kijiti cha risasi yenyewe, risasi kama ile ya kutengenezea marisau ya bunduki, na alama yake ilikuwa ya kijivu, hafifu.

Basi katika karne ya 16, huko Borrowdale, bonde la milimani katika sehemu ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, watu waliona madini nyeusi, laini, yenye kuteleza kama iliyopakwa mafuta. Wenye kondoo waliitumia kuwatia alama wanyama wao. Ikatambulikana upesi ya kuwa madini hiyo huandika vizuri kuliko risasi, na tena alama yake yaweza kufutwa. Kwa kuwa iliandika kama risasi, ila kwa weusi zaidi, watu wakadhani ni namna ya risasi, wakaiita risasi nyeusi. Mwaka wa 1565 mwanachuoni mmoja wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, jina lake Conrad Gesner, alitoa kitabu juu ya mawe na madini, na humo akaweka picha ya kipande cha madini kilichotiwa katika kishikio cha mti. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya kalamu yetu ijulikanayo.

Zaidi ya miaka 200 ilipita kabla kosa la jina halijafichuliwa. Mwaka wa 1779 Carl Wilhelm Scheele, mtengenezaji wa dawa katika nchi ya Uswidi, alionyesha ya kuwa madini hiyo ni kaboni, yaani ni ndugu wa makaa. Baadaye ikajulikana ya kuwa hata almasi ni ya ukoo huo huo. Mwaka wa 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner akaipa jina jipya la grafiti, kutoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Lakini jina la kwanza lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Waingereza waliendelea kusema kalamu ya risasi, na Wajerumani hata leo huiita kwa neno lenye maana ya kijiti cha risasi, na kwa njia hiyo kosa la wachungaji wa Borrowdale likaingia hata katika Kiswahili. Jambo hili lina faida kwa wazazi. Wako waogopao ya kuwa mtoto atafunaye kalamu atadhurika kwa sumu ya risasi. Risasi kweli ni sumu, lakini katika kiini cha kalamu haimo. Hata hivyo mtoto na akatazwe, kwa ajili ya rangi iliyopakwa nje na uchafu wa mikono.

Grafiti ya Borrowdale ilikuwa safi sana hata iliweza kupasuliwa vipande kama mbao ndogo, na katika Ulaya yote hapakupatikana nyingine kama hiyo. Tena ilitakiwa kwa kazi ya vita, maana kwayo walipaka ndani ya kalibu za kusubia mizinga ya chuma, yaani yale matufe ya kurushwa na mizinga, ili yatoke laini. Kwa hiyo bei yake ikapanda, na wezi wakazidi. Mwaka wa 1752 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwaadhibu vikali waibao katika machimbo hayo, hata kwa kazi ngumu au kupelekwa uhamishoni ng'ambo. Machimbo hayakufunguliwa daima, ila kwa muda, na kisha yalifungwa tena ili bei isishuke. Kitu tuachacho sasa kikivunjika sakafuni, wakati ule kililindwa na watu wenye silaha.

Mwaka wa 1793 Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani, na grafiti ya Borrowdale haikufika tena Ufaransa. Hilo lilikuwa jambo zito. Jeshi huhitaji ramani na barua za haraka, na askari hawezi kubeba chupa ya wino na kalamu ya unyoya katika mvua na matope. Kiongozi aliyesimamia mambo ya vita, Lazare Carnot, akamwita mtu mmoja hodari, Nicolas-Jacques Conté, ampatie kalamu bila grafiti ya Waingereza. Conté alizaliwa mwaka wa 1755 huko Normandie. Alikuwa mchoraji wa sura za watu, na tena fundi wa kila namna, aliyepoteza jicho lake la kushoto alipokuwa akijaribu hewa nyepesi ya kujazia baluni.

Grafiti aliyokuwa nayo ilikuwa hafifu na yenye takataka, haikufaa kupasuliwa vipande. Akaisaga ikawa unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akaukanda mchanganyiko ule, akautengeneza vijiti vyembamba, akavikausha, kisha akavichoma katika tanuu kama mwanamke achomavyo vyungu vyake. Mwaka wa 1795 alipewa hati ya kumiliki ufundi huo. Karibu na miaka hiyo hiyo Joseph Hardtmuth wa mjini Vienna naye alitengeneza kalamu kwa udongo na grafiti. Hata leo kalamu nyingi hufuata njia hiyo, ila mitambo imezidi, na vijiti vikiisha kuchomwa hutiwa katika nta ili viteleze vizuri juu ya karatasi.

Twaomba msomaji aliangalie sana jambo hili, kwa maana hapa ndipo ulipo ufunguo wa kuchagua. Grafiti safi ya Borrowdale ilikuwa ya namna moja tu, kama ardhi ilivyoitoa. Lakini Conté, kwa kuwa alichanganya, aliweza kuamua mwenyewe. Akizidisha udongo, kiini kikawa kigumu na alama yake nyembamba na ya kijivu. Akipunguza udongo na kuzidisha grafiti, kiini kikawa laini na alama yake nyeusi na nene. Umaskini wa vita ukazaa kalamu iliyo bora kuliko ile ya wenye machimbo.

Herufi zilizopigwa chapa upande wa kalamu zaeleza habari hiyo. H ni alama ya ugumu, B ni alama ya weusi, na HB iko katikati. F ni jirani wa HB, ngumu kidogo kuliko hiyo, na yachongeka ncha nyembamba. Namba ikizidi mbele ya H, kama 2H na 4H, ugumu umezidi. Namba ikizidi mbele ya B, kama 2B na 6B, ulaini na weusi umezidi. Katika Marekani hutumia namba peke yake, na kalamu yao ya namba 2 ni sawa na HB. Basi mwanafunzi wa ufundi, achoraye mashine au nyumba, na anunue 2H kwa mistari ya kwanza iliyo miepesi, na H au HB kwa mistari ya mwisho na kwa maandishi. Achoraye sura za watu, miti na wanyama na anunue HB, 2B na 4B, apate kivuli. Kijana achoraye ramani kwa 4B huona mkono wake na karatasi yake vimekuwa vyeusi kabla hajamaliza. Naye achoraye uso wa mtu kwa 4H hukwaruza karatasi bila kupata kivuli. Wote wawili watadhani hawana kipaji.

Rangi ya nje isimdanganye mtu. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni iliyoanzishwa na yule Hardtmuth ilitoa kalamu zake nzuri sana zikiwa zimepakwa rangi ya manjano, na tangu hapo wengine wengi wakaiga manjano bila kuiga uzuri. Afadhali mnunuzi aigeuze kalamu na kuitazama kichwani. Kiini na kiwe katikati kabisa ya mti, maana kikienda upande mmoja, kichongeo hula mti huku na kuacha mti kule. Aizungushe juu ya meza aone kama imenyoka. Atazame kama vipande viwili vya mti vimeshikana vema kwa gundi. Na ikiisha kununuliwa, isiangushwe, kwa kuwa kiini huvunjika ndani kwa ndani pasipo kuonekana, na kila ikichongwa ncha huanguka.

Sasa tuseme habari za mti wenyewe, kwa sababu habari hizo zatuhusu sisi hasa. Mti wa kalamu hutakiwa uwe mwepesi, wenye nyuzi zilizonyoka, usiopasuka ovyo chini ya kisu. Kwa miaka mingi watengenezaji walitumia mti mwekundu wa mashariki ya Marekani. Waliukata bila kipimo, hata mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umeadimika, na wanunuzi wa mbao walizunguka mashambani wakinunua nyua na mabanda ya zamani yaliyojengwa kwa mti huo, ili wayafanye kalamu. Ndipo walipotafuta kwingine, na mojawapo ya mahali walipopaona ni milima yetu.

Mti huo kwa Washambaa ni mwangati, na katika Kenya wengi huuita mtarakwa. Waingereza waliuita mwerezi wa kalamu, ingawa sio mwerezi wa Lebanoni utajwao katika Maandiko. Humea katika milima mirefu, tangu Uarabuni na Uhabeshi, kupita Kenya na Usambara, hata kusini zaidi. Una harufu nzuri, na mchwa hauwezi, ndiyo maana watu waliupenda kwa nguzo za nyua. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya vita vya mwaka wa 1914, ilijengwa njia ya kamba za chuma kutoka Mkumbara, penye reli ya Tanga, kupanda mpaka msitu wa Shume katika Usambara ya Magharibi. Magogo na mbao za mwangati ziliteremshwa angani juu ya mabonde, zikapelekwa Tanga, zikapakiwa melini. Huko Ujerumani zikawa kalamu. Baada ya vita hivyo misitu ya Kenya nayo ilitoa vibao vya kalamu kwa miaka mingi vikauzwa ng'ambo.

Na tufikiri kidogo. Mti ulikatwa Shume, ukashuka kwa kamba, ukavuka bahari, ukarudi umebeba kiini cha grafiti na chapa ya dhahabu, nao mtoto wa Mshambaa akaununua dukani kwa senti za baba yake. Hata grafiti si ngeni kwetu. Tanzania inayo nyingi, kama vile Mahenge katika mkoa wa Morogoro na Ruangwa katika mkoa wa Lindi, ingawa siku hizi hutakiwa zaidi kwa betri kuliko kwa kalamu. Hatusemi maneno haya ili kuamsha uchungu wa bure. Twataka kijana aonapo herufi za mji wa mbali juu ya kalamu yake asidhani ya kuwa vitu vyote vyema hutoka mbali. Mwangati hukua polepole sana, na mtu aupandaye leo huwapandia wengine. Kanisa au shule yenye ardhi ya mlimani ingefanya vema kuupanda.

Rafiki wa kalamu ni kifutio. Kabla ya mpira kujulikana Ulaya, watu walifuta maandishi ya grafiti kwa makombo laini ya mkate. Mwaka wa 1770 mtengenezaji wa vyombo vya elimu mjini London, jina lake Edward Nairne, alikuwa akiuza vipande vya mpira kwa kazi hiyo. Joseph Priestley, mchungaji na mwanachuoni, aliandika mwaka huo ya kuwa kipande chenye upande wa nusu ya inchi kiliuzwa shilingi 3, fedha nyingi kwa wakati ule. Lakini mpira mbichi ulinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, mpaka Charles Goodyear wa Marekani alipogundua mwaka wa 1839 namna ya kuupika pamoja na kiberiti. Tangu hapo haja ya mpira ikaongezeka, na ilipozuliwa tairi ya hewa na Dunlop mwaka wa 1888, ikawa kama moto wa nyikani.

Mzigo wa haja hiyo waliubeba watu wa Kongo. Chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tangu mwaka wa 1885 hata 1908, wanakijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema mpira, na wasiotimiza kipimo walipigwa, wakafungwa, wakauawa, na wengine wakakatwa mikono. Baadhi ya wamisionari hawakunyamaza. Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, alipiga picha mwaka wa 1904, na picha hizo zilipoonyeshwa Ulaya na Marekani watu hawakuweza kukana tena. Vifutio vya leo vingi hutengenezwa kwa mafuta ya ardhini, wala havitoki tena katika utomvu wa msituni. Katika kununua, mtu achague kilicho laini, akijaribu juu ya kipande cha karatasi. Kikiacha doa au kikichubua karatasi, akirudishe. Kile kigumu chenye mchanga ndani yake ni cha wino, nacho hutoboa karatasi nyepesi.

Juu ya karatasi tutasema kwa ufupi. Wachina ndio waliotangulia kuitengeneza, na kwa desturi hutajwa mwaka wa 105 na jina la Cai Lun, mtumishi wa mfalme, aliyetumia maganda ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Waarabu waliupata ufundi huo katika karne ya 8, wakaufikisha Baghdad, na kutoka kwao ukaingia Ulaya. Katika pwani yetu waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili Kurani kwa ustadi mkubwa juu ya karatasi zilizoletwa kwa vyombo kutoka ng'ambo. Karatasi ya matambara au pamba hudumu mamia ya miaka. Karatasi rahisi ya mti hugeuka manjano ikikaa juani. Basi ya kujifunzia na iwe rahisi, bali picha utakayo kuwaachia watoto wako iweke juu ya karatasi ya pamba. Vipimo vya karatasi tuvitumiavyo, A4 na A3 na vinginevyo, viliwekwa Ujerumani mwaka wa 1922. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ukiikunja katikati wapata A1, ukiikunja tena wapata A2, na umbo lake halibadiliki, ila ukubwa tu. Kwa hiyo ramani iliyochorwa juu ya A3 yaweza kupunguzwa ikaenea katika A4 bila kukatwa pembeni.

Sasa twafika kwa vyombo vya kupimia. Hivi ndivyo vidanganyavyo zaidi, kwa kuwa uongo wao hauonekani dukani. Lakini kila kimoja chaweza kuulizwa nacho kikajibu, kwa kalamu na karatasi tu. Ukitaka kuijua rula, piga mstari kwa ukingo wake, kisha igeuze upande wa pili, ukingo ule ule uguse ncha zile zile mbili, upige tena. Mistari ikiwa mmoja, rula imenyoka. Ikiachana katikati, imepinda. Pembetatu ya kuchorea, ile yenye pembe ya nyuzi 90, iweke juu ya rula, upige mstari wa wima, kisha igeuze kama ukurasa wa kitabu, upige tena kutoka nukta ile ile. Mistari ikiachana, pembe ina kosa, na kosa lenyewe ni nusu ya nafasi uionayo. Bikari ichore duara kubwa, tena izungushwe mara ya pili. Mwisho usipokutana na mwanzo, maungo yake yamelegea. Afadhali bikari moja nzito yenye parafujo ya kukazia kuliko sanduku lenye vyombo kumi vya bati.

Ukweli wa vyombo hivi una uzito kwa sababu ya kazi inayotegemea. Katika karne ya 18 kijana Mfaransa, Gaspard Monge, aliyekuwa katika shule ya majeshi ya Mézières, alivumbua njia ya kuonyesha kitu chenye urefu, upana na kimo juu ya karatasi bapa: kukichora kwa juu, na kukichora kwa mbele, na kuunganisha picha hizo mbili kwa mistari. Wakuu wa jeshi waliona faida yake katika kujenga ngome, wakaifanya siri, hata mwaka wa 1795 Monge aliporuhusiwa kuifundisha waziwazi. Mwaka wa 1798 yeye na Conté walikwenda Misri pamoja na jeshi la Napoleon. Wenyeji wa Kairo walipoasi mwaka huo, vyombo vingi vya Wafaransa viliharibiwa, na Conté akaanza kuvitengeneza upya kwa mikono yake kule kule. Aliweza kwa sababu alijua kila chombo kimefanywaje.

Twajua ya kuwa siku hizi wahandisi huchora kwa kompyuta. Tangu mwaka wa 1963, Ivan Sutherland wa Marekani alipoonyesha jinsi ya kuchora mistari juu ya kioo cha kompyuta, kazi hiyo imeenea duniani kote. Lakini kompyuta hufuata njia ile ile ya Monge, na asiyejua kukiona kitu kwa juu na kwa mbele hatasaidiwa nayo. Katika vijiji vyetu vingi kalamu na rula ndivyo vitakavyomfundisha mtoto kwanza.

Bwana wetu alipotaja mtu atakaye kujenga mnara, alisema ya kuwa huketi kwanza ahesabu gharama. Lakini gharama ya jengo haihesabiki bila kipimo, wala kipimo hakikai bila mchoro. Ni makanisa mangapi na madarasa mangapi twayajua yaliyofika dirishani yakasimama, kwa kuwa fedha ya mabati ililiwa na kuta zisizopimwa? Kijana mmoja wa kijiji ajuaye kuchora ramani iliyo sawa aweza kuwaokolea jirani zake mavuno ya miaka. Basi mzazi, ukiwa na fedha kidogo, mnunulie mwanao kalamu mbili zilizo njema, kifutio kimoja laini, rula uliyoijaribu, pembetatu mbili na bikari moja iliyokaza, na umwambie vilikotoka. Vilivyobaki katika orodha vyaweza kungoja mavuno yajayo. Na kalamu ikiwa fupi isiyoshikika, mtoto aitie katika kipande cha mwanzi, aitumie mpaka iishe.